Kuuza Corvette ya Zamani ya Paa la Turubai, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale kila mwaka majira ya joto yanapokaribia. Nipake rangi upya kwanza? Nianze na bei gani? Huyu anayetaka kunitumia hundi bila hata kuliona gari, nimwamini? Hati bado ina jina la marehemu baba, nifanyeje? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio ambao kazi yenyewe hufuata, ili usirudi nyuma kutafuta karatasi wakati mnunuzi yuko mlangoni.

Ninazungumzia Chevrolet Corvette za paa la kukunja za mwaka 1963 hadi 1975, zinazouzwa ndani ya Marekani. Zile za 1953 hadi 1962 zina mambo yake, na baada ya 1975 Corvette ya paa la kukunja haikutengenezwa tena hadi 1986. Kama gari lako ni Mustang au Thunderbird, sehemu za hati, pesa na picha zitakufaa vilevile, lakini namba za injini husomwa kwa namna nyingine.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gari la aina hii hata kizuri kinahitaji ushahidi. Mnunuzi wa Corvette ya 1966 analipia gari, halafu analipia pesa nyingi zaidi kwa uhakika kwamba gari hilo ni lile unalosema. Gari lililotunzwa vizuri na lisilo na karatasi huuzwa kama gari zuri tu. Lenye karatasi huuzwa kwa thamani yake.

Andaa vitu hivi kabla hujaanza

- Hati ya umiliki yenye jina lako, isiyo na deni la benki juu yake.
- Risiti zote ulizonazo, hata za chujio la mafuta, zikiwa zimepangwa kwa tarehe.
- Karatasi za kiwandani kama zipo: mkataba wa mauzo wa kwanza, kibati cha chuma cha dhamana, kitabu cha mwenye gari, au karatasi ya uzalishaji iliyobandikwa juu ya tangi la mafuta.
- Tochi yenye mwanga mkali, kioo kidogo cha mkono, kitambaa laini na kiyeyushi cha grisi.
- Jeki na stendi madhubuti, au fundi atakayekuruhusu utumie lifti yake kwa saa moja.
- Kamera au simu inayopiga picha safi.
- Daftari. Utaandika mengi.

Hatua ya 1: Safisha suala la hati

Anzia hapa, kabla ya kuosha gari. Linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye hati na ile iliyo kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu. Magari ya 1963 hadi 1967 yana kibati cha namba chini ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Kuanzia 1968 kibati kiko kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva. Herufi moja iliyokosewa na karani miaka arobaini iliyopita inaweza kuzuia mauzo yote, na kuirekebisha huchukua muda.

Kibati chenyewe usikiguse. Usikifungue ili upake rangi nyuma yake wala usikisugue kwa chochote. Kuondoa au kubadilisha namba ya utambulisho wa gari ni kosa chini ya sheria ya shirikisho, na kibati kinachoonekana kimechezewa humkimbiza mnunuzi yeyote makini.

Kama gari lilikuwa la marehemu, huwezi kusaini kwa niaba yake. Msimamizi wa mirathi ndiye mwenye mamlaka, akiwa na barua ya mahakama. Baadhi ya majimbo, California likiwamo, yana fomu ya kuhamisha gari la marehemu bila mirathi kupitia mahakamani, kwa masharti yake. Kama kuna deni la zamani lililolipwa lakini bado linaonekana kwenye hati, omba barua ya kufutwa kwa deni kutoka kwa aliyekopesha.

Majimbo hutofautiana sana. New York haitoi hati ya umiliki kwa gari la mwaka 1972 au la zamani zaidi. Huko usajili wenyewe ndio huhamishwa. Ohio na Pennsylvania hutaka saini yako ithibitishwe na notari, yaani ofisa anayeshuhudia saini kisheria. Kwa hiyo usisaini hati ukiwa nyumbani ukidhani unajirahisishia kazi. Hati iliyosainiwa mapema, tena bila jina la mnunuzi, ikipotea ni zawadi kwa mwizi.

Hatua ya 2: Soma namba za gari lako

Hii ndiyo hatua inayoweza kubadilisha bei kwa maelfu ya dola, na ndiyo watu huiruka.

Namba ya chesisi ya Corvette ya paa la kukunja ya 1966 huanza na 194676S. Tarakimu 19467 ni aina ya gari lenyewe. Ile ya paa gumu lisiloondoka huanza na 19437. Tarakimu 6 inayofuata ni mwaka, na S ni kiwanda cha St. Louis, Missouri, zilikotengenezwa Corvette zote za kipindi hiki. Kwa 1965 utaona 194675S na kwa 1967 utaona 194677S. Za 1963 na 1964 zina muundo mwingine: 30867S na 40867S. Ukikuta gari la turubai lenye namba ya paa gumu, simama hapo utafute maelezo kabla hujatangaza chochote.

Sasa fungua boneti. Mbele ya kichwa cha silinda cha upande wa abiria kuna sehemu bapa ya bloku ya injini, ndogo, mara nyingi imefunikwa na grisi na vumbi. Hapo kiwanda kiligonga mistari miwili ya taarifa. Mmoja ni namba ya injini: herufi ya kiwanda (F kwa Flint, T kwa Tonawanda), mwezi, siku, halafu herufi zinazotaja aina ya injini. Ukisoma F0215HT kwenye gari la 1966, maana yake injini iliunganishwa Flint tarehe 15 Februari, na HT ni ile ya inchi za ujazo 327 yenye nguvu-farasi 350. Mwingine ni tarakimu za mwisho za namba ya chesisi. Zikilingana na za kibati, na tarehe ya injini ikiwa siku au miezi michache kabla gari halijaundwa, una gari lenye injini yake ya kuzaliwa nayo.

Jinsi ya kusafisha sehemu hiyo ni muhimu kuliko unavyodhani. Lowesha kitambaa kwa kiyeyushi cha grisi, ukiweke juu yake, usubiri, kisha futa taratibu. Rudia mpaka chuma kionekane. Usitumie brashi ya waya, msasa wala mashine ya kusugua. Kwenye chuma hicho kuna mistari myembamba sana, iliyonyooka na sambamba, iliyoachwa na mashine ya kiwanda iliposawazisha bloku. Mtaalamu hutazama mistari hiyo kabla ya namba zenyewe, kwa sababu mtu anayegushi namba hulazimika kusaga zile za zamani, na mistari huondoka nazo. Ukipitisha msasa mara moja tu umefuta ushahidi wako mwenyewe, na gari halisi litaonekana la kughushi. Kisha mulika tochi kutoka pembeni, karibu sambamba na chuma, upige picha. Mwanga wa juu moja kwa moja huficha kila kitu.

Malizia na kibati cha rangi na ndani ya gari, kilicho jirani na cha namba kwenye magari ya 1963 hadi 1967. Kinataja rangi ya awali kwa namba. Kwa 1966, 900 ni Tuxedo Black, 974 ni Rally Red na 976 ni Nassau Blue. Kama gari lako leo ni jekundu na kibati kinasema 976, hilo si aibu. Aibu ni mnunuzi kuligundua kabla hujamwambia.

Injini isipolingana, andika hivyo waziwazi. Kuna wanunuzi wengi wanaotaka gari la kuendesha wikendi, nao hawatafuti injini ya asili.

Hatua ya 3: Likague gari kana kwamba unalinunua

Bodi ya Corvette ni ya fibaglasi, kwa hiyo haishiki kutu, na hapo ndipo wengi hujidanganya. Chini ya fibaglasi kuna chuma. Liinue gari na ugonge fremu kwa mpini wa bisibisi, hasa nyuma ya milango ambapo fremu hupanda kuelekea magurudumu ya nyuma. Sauti kavu na thabiti ni nzuri; sauti iliyofifia au vipande vinavyodondoka ni kutu. Halafu angalia fremu ya chuma inayozunguka kioo cha mbele, hasa pembe za chini, na ndani ya pembe za mbele za miguuni. Maji yaliyopenya kioo miaka mingi hula hapo kimyakimya.

Ajali za zamani huonekana upande wa nyuma wa paneli. Ingiza mkono na kioo ndani ya matao ya magurudumu. Paneli za kiwandani zilikandamizwa kwenye kalibu na ni laini pande zote mbili, na nyuma ya maungio kuna vipande virefu vya kuunganishia. Fibaglasi iliyowekwa kwa mkono ina upande wa nyuma wenye nyuzi na mawimbi. Kipimo cha kawaida cha unene wa rangi kinachotumia sumaku hakifanyi kazi kwenye gari hili, kwa hiyo mtu asikuambie amelipima kwa hicho.

Breki zichunguze kwa makini zaidi. Kuanzia 1965 Corvette zilipata breki za diski kwenye magurudumu yote manne, na mitungi yake ya chuma huliwa na unyevu gari likikaa bila kutumika. Dalili ni kiwango cha mafuta ya breki kinachoshuka na alama za unyevu upande wa ndani wa matairi. Kama zako zimewekewa mitungi ya chuma cha pua, itafute risiti yake. Wanunuzi wanaojua huuliza jambo hilo mapema sana.

Turubai lifungue na kulifunga mara kadhaa, gari likiwa limepata joto. Plastiki ya turubai na ya kidirisha cha nyuma hupasuka ikikunjwa kwenye baridi. Tazama mishono, lachi za mbele na kama kifuniko cha nyuma kinakaa sawa. Kama gari lina kile kipaa kigumu cha ziada, kihesabu kama mali yenye thamani yake, na kipige picha peke yake.

Vitu vidogo navyo viandike: saa ya dashibodi isiyotembea, taa za mbele zinazochelewa kufunguka, geji ya mafuta inayodanganya. Orodha ya kasoro utaiweka kwenye tangazo vilevile ilivyo.

Hatua ya 4: Amua cha kurekebisha na cha kuacha

Rekebisha kinachohusu usalama na kinachozuia gari kuendeshwa: breki, mafuta yanayovuja, mipira ya petroli iliyokauka, betri, matairi yaliyozeeka hata kama kashata bado ni nzima. Safisha ndani ya gari kwa mikono, bila maji mengi.

Acha rangi. Acha viti vya asili vilivyochakaa kidogo. Usitie vipuri vipya vya kung'aa chini ya boneti. Rangi ya kiwandani ya miaka ile ilikuwa lakka ya akriliki, na hata ikiwa na mipasuko midogo kuna watu wanaoitafuta hasa. Rangi mpya iliyopakwa mwezi mmoja kabla ya mauzo humfanya mnunuzi ajiulize nini kimefunikwa, na gharama yake hairudi mara nyingi. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona magari mazuri yakipoteza thamani kwa upendo wa mwenyewe aliyetaka yapendeze siku ya mwisho.

Hatua ya 5: Panga bei

Bei zinazoombwa kwenye matangazo zikusaidie kuona ushindani tu. Thamani inaonekana kwenye bei zilizolipwa, na hizo huchapishwa hadharani na nyumba za mnada kama Mecum, Barrett-Jackson na Bring a Trailer. Tafuta magari ya mwaka uleule, paa lilelile, injini ileile, gia zilezile. Tofauti ya injini peke yake ni kubwa: mwaka 1967 gari moja lilitoka na 327 ya nguvu-farasi 300 na jingine na 427 ya nguvu-farasi 435, na sokoni ni magari mawili tofauti kabisa ingawa ukiyaona kwa mbali yanafanana.

Halafu jiweke kwenye daraja sahihi. Hagerty, kampuni ya bima ya magari ya zamani inayochapisha pia thamani zake, hutumia ngazi nne: ya kwanza ni magari ya mashindano yasiyo na dosari, ya pili ni bora sana, ya tatu ni mazuri yanayoendeshwa, ya nne ni yenye kasoro zinazoonekana. Karibu kila mwenye gari hulipandisha lake ngazi moja. Gari lililotunzwa vizuri na kuendeshwa huwa la tatu, na la tatu ni gari la kujivunia.

Uchache peke yake usikupandishe kichwa. Za paa la turubai za 1966 zilitoka 17,762 na za 1975 zilitoka 4,629 tu, lakini ile ya 1966 ndiyo hutafutwa zaidi.

Hatua ya 6: Piga picha

Piga nje, asubuhi au jioni, jua likiwa chini, mahali pasipo na magari mengine. Turubai likiwa limefungwa, likiwa wazi, na kifuniko cha nyuma kikiwa kimeinuliwa ili chini yake paonekane. Kila pembe, kila gurudumu, viti, dashibodi ikiwa imewashwa, buti, boneti ikiwa wazi, chini ya gari lote kutoka mbele hadi nyuma. Kisha namba: kibati cha chesisi, kibati cha rangi, sehemu bapa ya injini. Kisha karatasi zimetandazwa mezani, anwani na majina ya watu yakiwa yamefunikwa. Kisha kasoro, kila moja kwa karibu. Picha mia si nyingi.

Rekodi pia video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi kabisa, bila kukata. Inajibu maswali kumi kwa mpigo mmoja.

Hatua ya 7: Chagua soko, andika tangazo

Mnada wa mtandaoni unafaa gari lenye karatasi na mmiliki mwenye subira ya kujibu maswali ya wataalamu hadharani. Mnada wa ukumbini, kama ule wa Mecum Kissimmee, Florida, au Barrett-Jackson Scottsdale, Arizona, yote ya Januari, unafaa magari ya daraja la juu. Kumbuka gharama za kusafirisha, ada, na kama unaruhusiwa kuweka bei ya chini ambayo gari haliuzwi likishindwa kuifikia. Barrett-Jackson huko Scottsdale huuza magari yake mengi bila kinga hiyo. Kuuza mwenyewe kwa mtu hukuachia pesa yote na usumbufu wote. Ukimkabidhi dalali mwenye duka, mkataba uandikwe: nani anashika hati, nani anakatia gari bima, utalipwa siku ngapi baada ya mauzo. Hati ibaki kwako mpaka ulipwe.

Tangazo lianze na mwaka, injini, gia na rangi, kisha historia ya umiliki, kisha kilichofanywa na lini, kisha kasoro. Usiandike "namba zote zinalingana" kama hujaona ya sanduku la gia. Andika ulichokiona: "namba ya injini inalingana na chesisi, picha imeambatishwa, ya gia haijakaguliwa." Vivyo hivyo kwa maili. Odomita ya tarakimu tano hurudi sifuri baada ya 99,999, na kama huna karatasi za kuthibitisha, sema maili halisi hazijulikani. Sheria ya shirikisho haidai tamko rasmi la odomita kwa magari ya zamani hivi, lakini kudanganya kuhusu maili bado ni udanganyifu.

Hatua ya 8: Pokea wanunuzi

Zungumza kwa simu kabla ya miadi. Mnunuzi wa kweli huuliza kuhusu fremu, namba na breki. Asiye wa kweli huuliza bei ya mwisho kabla hajajua gari lina gia gani.

Akija, injini iwe baridi. Ukiiwasha mapema ataona umeficha ugumu wa kuwaka. Mwache atambae chini ya gari, mwache alete mkaguzi wake, na mpe nafasi. Kabla ya kuendesha, piga picha leseni yake na uhakikishe bima yako inamhusu dereva mwingine. Endesha wewe kwanza, yeye akiwa abiria, halafu mbadilishane mahali penye nafasi. Uwe ndani ya gari muda wote na funguo zisibaki kwake. Kama hajawahi kuendesha gari la miaka hiyo, mweleze kwamba usukani na breki vinataka umbali zaidi kuliko gari lake la kila siku.

Hatua ya 9: Pokea pesa

Hapa usifanye haraka hata kidogo. Njia mbili ni salama. Ya kwanza: nendeni pamoja kwenye benki yake, hundi ya benki itolewe na karani mbele yako. Ya pili: uhamisho wa benki hadi benki, kisha wewe mwenyewe upige simu kwenye benki yako, kwa namba unayoijua, uthibitishe pesa imeingia.

Hundi ya benki iliyoletwa kwa posta si pesa. Benki inaweza kukuonyesha salio siku inayofuata, halafu wiki kadhaa baadaye ikagundua hundi ni bandia na kukudai yote, gari likiwa limeshaondoka. Anayetuma zaidi ya bei na kukuomba umrudishie ziada, au "umlipe msafirishaji," ni tapeli. Anayekutaka ununue ripoti ya historia ya gari kwenye tovuti anayoitaja yeye ni tapeli pia, na hapa una silaha nyepesi: namba za tarakimu 17 zilianza magari ya 1981, kwa hiyo gari lako halina namba ambayo ripoti hizo huitumia. Mtu wa tatu wa kushikilia pesa ni sawa, ilimradi umchague wewe na uandike anwani ya tovuti yake mwenyewe, bila kubofya kiungo ulichotumiwa.

Akilipa taslimu zaidi ya dola 10,000, benki itaripoti amana hiyo serikalini. Ni utaratibu wa kawaida. Usigawanye amana ili kuukwepa, maana kugawanya huko ndiko kosa.

Hatua ya 10: Kabidhi

Andikeni hati ya mauzo nakala mbili: namba ya chesisi, bei, tarehe, majina na saini, na maneno kwamba gari linauzwa lilivyo bila dhamana. Saini hati ya umiliki mbele ya notari kama jimbo linataka. Piga picha kila karatasi.

Siku hiyohiyo toa taarifa ya mauzo kwa ofisi ya magari ya jimbo lako. California inataka ndani ya siku 5. Ukiichelewesha, faini za maegesho na tozo za barabara zitaendelea kuja kwa jina lako. Namba za usajili huko California kwa kawaida hubaki na gari; New York na Florida unaziondoa. Bima ikate baada ya gari kuondoka na taarifa kupokelewa.

Faida uliyopata juu ya bei uliyonunulia pamoja na gharama za kuliboresha huripotiwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ndiyo sababu ya zile risiti. Kama ulilirithi, hesabu huanzia thamani ya siku aliyefariki aliyekuachia. Hasara kwenye gari la matumizi binafsi haipunguzi kodi.

Mambo yakikwama

*Wiki tatu, hakuna simu.* Mara nyingi ni picha au bei. Badilisha picha ya kwanza, ongeza zile za chini ya gari, kisha linganisha tena na bei zilizolipwa. Majimbo ya kaskazini, gari la turubai likitangazwa Novemba hupata wateja wachache. Subiri Machi kama huna haraka.

*Wengi huja, hakuna anayenunua.* Kuna kitu wanakiona ambacho tangazo halikusema. Muulize wa mwisho kwa upole, na umshukuru akikuambia.

*Mkaguzi amesema namba ya injini imegushiwa.* Usibishane. Omba sababu zake kwa maandishi, halafu tafuta jicho la pili. Chama cha warejeshaji wa Corvette, NCRS, kilichoanzishwa 1974, kina watu waliotazama bloku hizi miaka mingi. Ikithibitika ni ya kughushi, rekebisha tangazo na bei siku hiyohiyo.

*Bei mnadani haikufika kiwango chako.* Mzabuni wa juu mara nyingi yuko tayari kuzungumza siku hiyohiyo. Mpigie kupitia mnada, na ukubali tofauti ndogo kama karatasi zako zilikuwa zimekamilika na watazamaji walikuwa wengi. Hiyo ndiyo bei ya soko kwa sasa.

*Gari limekataa kuwaka mnunuzi akiwa mbele yako.* Mara nyingi ni petroli iliyokaa kwenye kabureta au betri iliyolala. Usisukume stata mpaka iungue. Mweleze, panga siku nyingine, rekebisha, umtumie video.

*Mnunuzi yuko nje ya Marekani.* Pesa kwanza, yote. Forodha ya Marekani hutaka kuona hati ya umiliki angalau saa 72 kabla gari halijasafirishwa, kwa hiyo wakala wake wa meli aishughulikie. Wewe toa hati halisi kwa njia ya posta yenye ufuatiliaji, na ubaki na nakala.

*Mnunuzi amepiga simu mwezi mmoja baadaye akilalamika breki zinavuja.* Fungua tangazo lako. Kama kasoro iliandikwa, mtumie ukurasa huo kwa heshima pamoja na hati ya mauzo yenye saini yake. Kama haikuandikwa na hukuijua, mpe jina la fundi aliyelihudumia gari na nakala za risiti alizokosa.